Reli ya Kato ndani ya sutikesi, na safari zake za daladala

Ukitaka kujenga reli ndogo ndani ya sutikesi hapa Dar, na pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja tu cha maana, nunua reli. Treni itafuata. Nimeona watu wakianza na kichwa cha treni kwa sababu ndicho kinachong'aa, reli wakaiokoteza mwishoni, na kazi yote ikaishia uvunguni.

Reli ninayoizungumzia ni Unitrack ya Kato, kampuni ya Kijapani, kwenye kipimo kinachoitwa N, ambacho upana wa njia ni milimita 9. Kariakoo sikuipata. Shemeji yangu anayeleta magari kutoka Yokohama alinibebea kwenye begi lake, na bei ya reli zote haikufikia bei ya tairi moja la Noah. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, naishi Yombo Vituka, na sutikesi hii naenda nayo shuleni kwa daladala. Kwa hiyo kabla sijasema kama ni nzuri au mbaya najiuliza swali moja: ikifika, inatembea?

Inatembea. Kila kipande cha Unitrack kimeumbwa pamoja na tuta lake. Reli, mataruma na kokoto vimeshikana kwenye plastiki moja ngumu, na kwenye ncha kuna ndimi zinazojibana na kipande kinachofuata mpaka usikie mlio. Reli nyembamba zisizo na tuta hupigiliwa misumari midogo kwenye ubao, na ubao ukitikiswa kila siku maungio yanaachana polepole. Kwenye kona, pengo dogo sana linatosha kuangusha behewa. Sasa fikiria sutikesi yangu: imesimamishwa wima katikati ya miguu ya abiria, imeegemewa na ndoo ya samaki, konda anaisukuma kwa goti ili mlango ufungwe. Nikifika nafuta vumbi, naweka treni, nawasha, watoto wanapiga kelele. Chini ya reli nimepitisha mistari myembamba ya silikoni, ile ya mafundi wa madirisha ya alumini. Inashika vizuri, na ukitaka kubandua unapitisha kisu tu.

Metali ya reli zenyewe ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kwa hiyo haishiki kutu ya kahawia. Anayeishi Dar anajua hewa ya bahari inavyokula bawaba za milango. Reli hizi zinafubaa, hilo halikwepeki, na treni inaanza kusitasita, lakini pamba yenye spiriti kutoka duka la dawa inalimaliza. Watoto wa dada yangu walinunuliwa seti ya betri yenye reli za plastiki tupu, jina lake siliandiki. Ilishinda juani mchana mmoja kwenye kioo cha nyuma cha gari, reli zikapinda, zikagoma kunyooka.

Hesabu ndiyo iliyonichukulia muda, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Kona ya Unitrack inayotumika sana kwenye sehemu finyu ina nusu kipenyo cha milimita 216. Duara lake lina upana wa milimita 432, ukiongeza upana wa tuta, ambao ni milimita 25, unafika 457. Sutikesi yangu ni ile ngumu ya zamani yenye pembe za bati, nimeipata kwenye mitumba ya Mchikichini, na kwa ndani ina sentimita 56 kwa 36. Haiingii. Kilichoniokoa ni kona zao za mfululizo wa Compact, za milimita 117, 150 na 183. Nikachagua 150. Vipande 8 vya nyuzi 45 vinafunga duara, na katikati nikatia vipande 2 vilivyonyooka vya milimita 186, kimoja kila upande. Njia nzima pamoja na tuta ikawa milimita 511 kwa 325. Kwenye upana inabaki chini kidogo ya sentimita 2 kila upande, nafasi ya kupanda mti mmoja mmoja, na katikati kuna uwanja wa kutosha mji mdogo.

Kona kali namna hiyo ina masharti. Behewa la abiria la mita 20, likipunguzwa kwa uwiano wa 1:150, linakuwa na zaidi ya sentimita 13, na kwenye kona ya milimita 150 tumbo lake linakwenda huku na ncha zake kule. Usijaribu. Kato wana treni fupi fupi za mfululizo wa Pocket Line, kichwa kidogo na vibehewa viwili, zilizokusudiwa kona za namna hii. Ni nene na fupi, na ukiziangalia unajua kabisa hazitoki kwenye karakana yoyote ya kweli. Kwa sutikesi yangu hilo ndilo nililolitaka. Mwenye nia ya kutengeneza SGR yetu, ile reli mpya ya kisasa, kwa usahihi atafute meza, aachane na sutikesi.

Lakini SGR ina bahati yake kwenye vipimo. Upana wa njia yake ni milimita 1,435. Gawanya kwa 160, ambao ndio uwiano wa N wa Ulaya na Marekani, unapata karibu 9 kamili. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067, sawa na reli za zamani za Japani, na Wajapani wanazitengeneza treni zao hizo kwa 1:150 kisha wanaziendesha kwenye njia hiyohiyo ya milimita 9, ambayo kwa haki ingekuwa 7 na ushee. Reli ya kati, ile Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ina mita moja kamili, na kwa 1:150 inakaribia milimita 6.5 ya kipimo cha Z. Wanafunzi wangu wamezifanya hesabu hizi ubaoni, na hakuna aliyeuliza kugawanya kuna faida gani.

Tukahesabu na mwendo. Njia yangu, ukifuata katikati ya reli, ina milimita 1,314, ambazo kwa uwiano wa 1:150 ni mita 197 za kweli. Treni ya SGR imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Ukipunguza mara 150, ni sentimita 30 kwa sekunde, yaani mzunguko mzima kwa sekunde 4 na kidogo. Hiyo inachosha macho. Kwa kilomita 30 kwa saa mzunguko unachukua sekunde 24 hivi, na hapo mtoto anapata muda wa kuisubiri itoke kwenye handaki. Mwendo wa pole ndio unaoipa sutikesi ukubwa. Reli mbaya haikuruhusu kwenda pole, kwa sababu kila ungio lenye mashaka linaisimamisha treni. Unitrack inakuruhusu. Ndiyo maana nimeanza na reli.

Kwenye umeme naomba msomaji awe makini. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, sisi ni 230. Adapta ya Kijapani iliyotengenezwa kwa soko la kwao ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, umeiua, na pengine umewasha moto. Mimi nilimwambia shemeji aache dukani kidhibiti cha mwendo wa treni. Nimetumia adapta ya volti 12 ya kamera za CCTV, kile kiboksi kidogo chenye kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha mwendo wa mota, swichi ya miguu sita ya kugeuza mkondo, na fyuzi. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Kiboksi hicho kinafanya mota ivume kidogo ikienda polepole, lakini darasani hakuna anayeisikia. Kwa shule yetu, ambayo umeme haujafika madarasa yote, nina betri ya volti 12 ya UPS ndogo. Ni nzito kuliko treni, reli na mlima vikijumlishwa, ila inamaliza wiki ya vipindi bila kuchajiwa.

Fyuzi usiiruke. Reli mbili ni nyaya mbili, na mota ya treni ndiyo inayofunga saketi kupitia magurudumu. Mtoto akiweka sarafu juu ya reli zote mbili ameziunganisha bila mota katikati, na mkondo unapita bila kizuizi. Nawaachia wafanye hivyo makusudi, fyuzi ikatike, kisha wanieleze kwa nini. Kugeuza swichi ya miguu sita kunabadili chanya na hasi, treni inarudi kinyumenyume. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, kumbe dereva ni waya!" Sikumrekebisha papo hapo, nilimwambia aje mbele awaonyeshe wenzake waya upi.

Sasa mandhari. Hapa hakuna haja ya kuagiza chochote nje. Mlima ni lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, limechongwa kwa kisu cha jikoni na kupakwa rangi ya maji. Rangi ya kopo la kupuliza inaliyeyusha povu, usithubutu. Handaki nimeliweka kwa heshima ya wajenzi wa TAZARA, waliotoboa milima kati ya Mlimba na Makambako ili reli ya kilomita 1,860 ifike New Kapiri Mposhi. Majani ya minazi ni nyuzi za katani zilizochovywa rangi ya kijani. Vichaka ni makumbi ya nazi. Karafuu kavu ina kama milimita 13, kwa hiyo kwenye mji wangu ni mti wa mita mbili wenye kichwa kizuri cha mviringo, na sutikesi ikifunguliwa harufu yake inatangulia. Ganda la iliki ukilipasua kwa urefu unapata mitumbwi miwili, imepaki kwenye ziwa la gundi ya mbao iliyopakwa buluu. Mchanga wa ufukweni uoshwe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa, kwa sababu chumvi inavuta unyevu na unyevu ukikaa karibu na reli utausikia kwenye mwendo wa treni.

Kifuniko ndicho ninachojivunia zaidi. Nilikwenda kwa wachoraji wa Tingatinga, pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores, nikiwa na kipande cha ubao mwembamba kilichokatwa na seremala wa Keko kiingie sawasawa ndani ya kifuniko. Sanaa hii Edward Saidi Tingatinga aliianzisha mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mraba, kwa hiyo nilikuwa nimewapelekea kitu walichokizoea. Nilimwambia mchoraji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kwamba nataka stesheni ambayo wanyama wanapanda treni. Akauliza, "Mama, twiga anakaa wapi?" Nikamwambia hilo tatizo lake. Akamtobolea paa. Shingo inapanda mpaka kwenye pembe ya bati ya sutikesi, na juu kabisa twiga ameshika tiketi mdomoni. Kobe amevaa kofia ya mkuu wa stesheni. Kima watatu wamening'inia madirishani kama ilivyokuwa kwenye treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa ndani ya Dar, ilipoanza mwaka 2012, siku za msongamano. Ukifungua kifuniko, mchoro unasimama nyuma ya mlima na treni inaonekana imetokea humo.

Kazi ya mchoraji naipa alama zote. Tahadhari ni ya rangi yenyewe: rangi ya mafuta inachelewa kukauka kwenye unyevu wa Dar, na mvuke wake haupatani na povu, kwa hiyo mchoro ukae nje ya sutikesi mpaka harufu iishe kabisa.

Reli za Kato nazipa nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeishikilia kwa sababu ya upatikanaji. Kipande kikipotea au mtoto akakikanyaga, nasubiri mtu atoke safari. Kwa mwenye haraka hilo ni kikwazo kikubwa, na namshauri aagize kona mbili na kipande kimoja kilichonyooka vya ziada tangu mwanzo.

Kwa sutikesi ya ukubwa kama wangu, mwandikie anayekwenda Japani hivi: Kato Unitrack, kipimo N, R150-45 vipande 8, S186 vipande 2, pamoja na viungio vya kuingizia umeme vyenye waya. Hivyo viungio amkumbushe muuzaji mara mbili. Vinachukua nafasi ya kiungio cha kawaida kati ya vipande viwili, na bila hivyo utalazimika kulehemu waya kwenye reli, na joto la pasi ya kulehemu linayeyusha tuta.