Programu za kuweka kwenye laptopu, kuanzia isiyokula bando

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale, kinachobadilika ni jina la kampuni ya simu. "Jioni nimeweka bando la GB 5, nikawasha hotspoti nitume barua pepe moja tu, asubuhi naambiwa limekwisha." Wa Mwanza anailaumu kampuni yake. Wa Mombasa anailaumu ya kwake. Mwingine amemnyang'anya mtoto simu akiamini anaangalia video usiku kucha. Mara nyingi mlaji hayumo kwenye simu kabisa. Yumo ndani ya laptopu, fundi ndiye aliyemweka, na kazi yake anaifanya wewe umelala.

Kwa hiyo usitegemee nikuambie programu ipi ina sura nzuri au ipi imepewa nyota ngapi. Hayo yamejaa kila mahali. Mimi nauliza mambo mawili. Je, nikishapakua setapu yake, yaani lile faili la kuiwekea, mara moja, naweza kuibeba kwenye flashi na kuiweka kwenye kompyuta nyingine bila intaneti? Na ikishakaa, inavuta nini bila kuniambia? Ikifeli hapo imefeli, hata kama inapika chai.

Chukua Chrome, kivinjari ambacho karibu kila mtu anakitaka. Ukiipakua kwa njia ya kawaida unapewa kafaili kadogo, unafurahi kwamba imeshuka haraka. Kumbe hako ni katarishi tu. Ukikafungua ndipo kanapokwenda mtandaoni kuvuta programu yenyewe, inayozidi MB 100. Nyumbani kukiwa na kompyuta tatu, umelipia mzigo uleule mara tatu. Setapu kamili ipo, Google wenyewe wanaitoa, ila haiko mbele ya macho. Tafuta Chrome kwa kuongeza neno "offline" na uhakikishe uko kwenye tovuti yao. Firefox nao wana faili lao kamili. Hili jambo halizungumzwi kwa sababu wanaoandika uchambuzi wa programu wengi wana intaneti isiyopimwa. Sisi tunaonunua intaneti kama mafuta ya taa, kwa kipimo, ndilo la kwanza.

Kabla hujaweka chochote, rekebisha Windows yenyewe. Fungua Settings, ingia "Network & internet", bonyeza mtandao uliounganishwa nao, kisha washa "Metered connection". Hapo Windows inaelewa kuwa intaneti hii inahesabiwa, inaacha kuvuta sehemu kubwa ya masasisho, na OneDrive, ghala la mafaili la Microsoft la mtandaoni, nayo inatulia. Kinachowaponyoka watu ni kwamba mpangilio huu unashikamana na jina la hotspoti. Ukinunua simu mpya, au shemeji akikuwashia ya kwake, Windows inaona mtandao mgeni na inaanza kula upya. Washa tena. Ukitaka kumjua mlaji kwa jina, palepale kwenye "Advanced network settings" kuna "Data usage", inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30. Ukishaiona hiyo orodha utaiomba radhi kampuni yako ya simu, japo kwa siku moja.

Masasisho makubwa ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea kama wao wamesogeza saa zao, yaani wakati uleule ambao wengi wetu tumemaliza kula na ndio kwanza tunawasha hotspoti. Mzigo wake ni mamia ya MB, mwezi mwingine unapita GB nzima. Sisemi uyakatae; ya usalama hayakwepeki. Mara moja kwa mwezi beba laptopu hadi penye waifai ya bure, chuoni au ofisini, bonyeza "Check for updates" na uache ishibe huko.

Sasa programu za kuandikia na kupigia hesabu, maana hapo ndipo pesa zinapoliwa.

Ya kwanza kwangu ni LibreOffice. Nina upendeleo, sifichi. Setapu yake ni faili moja la kama MB 350, na ukishalipata umemaliza. Flashi moja inatosha ofisi nzima na ukoo mzima, na hujavunja sheria ya mtu, kwa sababu leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa. Haikuombi barua pepe wala namba ya kadi. Toleo jipya likitoka inakujulisha tu, kisha inasubiri uamue. Unaweza kukaa kijijini miezi sita bila kuona mnara, ukaifungua, ukaandika. Tena ina undugu na sisi: OpenOffice, ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake mwaka 2010, ilishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Hadi leo LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na hapa nina neno na wanaoandika mihtasari ya vikao. Unajua ile hali ambapo ukurasa mzima umepigwa mistari myekundu chini ya "mwenyekiti", "wajumbe", "ulifunguliwa", mpaka huoni tena wapi umekosea kweli? Wakati wa kuiweka usibonyeze tu "Typical". Chagua "Custom", shuka hadi kwenye kamusi, hakikisha Swahili ipo. Kisha ukiwa ndani ya waraka, bonyeza jina la lugha lililoandikwa chini kabisa ya dirisha, chagua Kiswahili. Wekundu unapungua papo hapo, unabaki pale ulipoandika "mwenyekti".

Ubaya wake? Upo. Tangu 2023 Word imehamia kwenye fonti inayoitwa Aptos, na waraka wa Aptos ukiufungua kwenye LibreOffice inatafuta fonti nyingine ya kushikilia nafasi. Herufi zinapanuka au kubana, wasifu wa kurasa mbili unakuwa wa tatu, na safu ya mwisho ya jedwali inaangukia ukurasa wa pili peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Kinachokwenda kwa mwajiri kitume kwa PDF na suala limeisha. Na kama wewe ni mhasibu uliyejengewa kitabu cha Excel chenye makro, zile amri za kujiendesha zenyewe, baki na Excel yako, usinitafute baadaye.

Ya pili ni Office Home 2024, iliyotoka Oktoba 2024. Unalipa mara moja (ilipotoka ilikuwa dola 149.99 kwa bei ya Marekani), kwa kompyuta moja, na unapata Word, Excel, PowerPoint na OneNote. Masasisho ya usalama yanaendelea hadi Oktoba 2029. Kwa upande wa bando ni nzito, ni GB kadhaa, lakini kwenye akaunti yako ya Microsoft kuna chaguo la kupakua setapu kamili ya kuwekea bila intaneti. Ichukue huko huko penye waifai ya bure. Angalizo moja la flashi: nyingi za dukani zinakuja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na iko tupu. Iformati kwanza kwa exFAT. Baada ya kuiweka, ingia File, kisha Account, na kwenye "Update Options" unaweza kuzima masasisho hadi utakapokuwa tayari kuyalipia.

Ya tatu, na nimeiweka hapo kwa makusudi, ni Microsoft 365, ile ya kulipia kila mwaka. Usipoiunganisha na intaneti walau mara moja kwa mwezi ikathibitishe kwamba bado unalipa, inakuruhusu kusoma na kuchapisha tu, kuandika hapana. Umelipa, na bado unaombwa bando ili uonyeshe risiti! Januari 2025 mpango wa mtu mmoja ulipanda Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, sababu ikiwa ni Copilot, msaidizi wa akili bandia ambaye naye hafanyi kitu bila intaneti. Mpango wa bei ya zamani usio na Copilot uliendelea kuwepo kwa wateja wa zamani, ila wengi waliuona pale tu walipoanza kujiondoa. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Australia iliwafungulia kesi kwa jambo hilo hilo. Kwa haki niseme: familia yenye intaneti ya faiba ikichanga mpango wa watu sita, kila mmoja akipata TB 1 ya kuhifadhi vitu, hesabu inaingia akilini. Kwa mtu wa bando la wiki, hapana.

WPS Office, nyingine ya kuandikia, ile ya bure ina matangazo. Namba za leseni za Office zinazouzwa kwa bei ya kutupa mtandaoni nyingi zilitolewa kwa ajili ya makampuni na zinafungwa wakati wowote. Sina zaidi ya hapo.

Niongee na mafundi wa kupiga window, yaani kuweka Windows upya, sasa, maana nimevumilia vya kutosha. Mteja analeta laptopu yake, anauza vitenge, anataka Word ya kuandikia oda na Excel ya madeni. Anarudishiwa mashine yenye Photoshop, programu za kuchora nyumba, vivinjari vitatu, programu mbili za kusafisha kompyuta na moja ya kuharakisha intaneti, nyingi zikiamka pamoja na Windows kila asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu zilikuwa kwenye flashi ya fundi, na orodha ndefu inahalalisha bei. Zile za kulipia ni za kraki, yaani zimevunjwa leseni, na kraki hiyo ili iingie, antivairasi ilizimwa kwanza na mara nyingi haikuwashwa tena. Kisha anaambiwa amewekewa "Office mpya", na ukiifungua ni 2016. Office 2016 na 2019 zote ziliachwa kusasishwa tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile na Windows 10. Mtu analipishwa leo kwa kitu ambacho mtengenezaji wake amekwisha kukifungia mlango, na akirudi kulalamika kompyuta ni nzito, anauziwa RAM.

Muulize fundi mapema, mbele ya watu: unaweka nini na nini, na leseni yake iko wapi? Mwambie unataka Windows tupu na setapu uliyokuja nayo wewe kwenye flashi.

Antivairasi nitaipita haraka. Microsoft Defender inakuja na Windows na kwa mtumiaji wa kawaida inatosha, ilimradi isizimwe. Kinachonivutia ni kwamba hata yenyewe unaweza kuilisha kwa flashi: Microsoft wanatoa faili linaloitwa mpam-fe.exe, linalozidi MB 100, lenye taarifa zote mpya za virusi. Unalipakua penye waifai ya bure, unalibofya mara mbili kwenye kila kompyuta ya nyumbani. Ukitaka ya kulipia, muulize muuzaji kama namba ya leseni ni ya ukanda wetu. Baadhi ya kampuni hufunga namba zao kwa eneo, na boksi lililoletwa kwenye sanduku la mtu kutoka Dubai linaweza kukataa kuwashwa Dar.

Programu za kusafisha kompyuta sizipangi nafasi yoyote. Mwaka 2017 CCleaner, maarufu kuliko zote, iligawa toleo la 5.33 likiwa limepandikizwa virusi, na lilitoka kwenye seva zao rasmi. Windows ina "Storage Sense" ndani yake. Itumie hiyo.

Vidogo vidogo: video na muziki, VLC, kwa sababu setapu ni ya MB arobaini na kitu na inafungua karibu kila utakachotumiwa. Kusoma PDF, SumatraPDF, MB chache tu, wakati Adobe Reader ni mamia ya MB na inapenda kujisasisha. Kufungua mafaili ya zip na rar, 7-Zip ya Igor Pavlov, iliyoanza 1999 na hadi leo setapu yake haifiki MB 2.

Hapa kipimo changu kinanigeukia kidogo, kwa sababu 7-Zip haijisasishi, na programu isiyojisasisha inazeeka kimya. Kwa MB 2 hakuna kisingizio, pakua toleo jipya kila baada ya miezi michache. WinRAR nayo haijisasishi, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, maana iko kwenye kila laptopu iliyopita kwa fundi na nyingi ni za kraki ya miaka mingi. Mwaka 2023 na tena 2025 wahalifu walitumia matundu yake kupenyeza virusi kupitia faili la rar linaloonekana la kawaida kabisa. Tundu la 2025 lilizibwa kwenye toleo la 7.13. Fungua WinRAR yako, nenda Help, kisha "About WinRAR", usome namba. Ikiwa chini ya hapo, itoe kabla hujafungua lile faili la "picha za harusi" ulilotumiwa.