Kozi ya Access ya Udaktari Uingereza: Uzoefu Wangu wa Kuomba Chuo cha Tiba Ukubwani

Kila nikikaa na Watanzania wenzangu wa huku, iwe msibani au harusini, swali ni lile lile: hii kozi ya Access ya udaktari inamfikisha mtu mzima chuo cha tiba kweli, au ni njia ya vyuo kula hela za watu? Jibu langu ni kwamba inafikisha. Nina miaka thelathini na minane, nimefanya kazi ya usaidizi wodini miaka mingi, na sasa nina barua ya kukubaliwa udaktari kwa masharti. Hata hivyo, kama kozi hii ingekuwa bidhaa ya dukani, ningeipa nyota nne kwa masomo na mbili kwa namna inavyouzwa. Mambo yanayoamua kama itakufaa hutokea kabla hujakanyaga darasani, na kwenye siku ya maonyesho ya chuo, pale wanapogawa kalamu na vipeperushi, hakuna anayekugusia.

Kwa asiyeijua, Access to Higher Education ni diploma ya mwaka mmoja kwa watu wazima waliotoka shule bila A-level, mitihani ya huku inayofanana na ya kidato cha sita. Zilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, na zinasimamiwa na QAA, taasisi inayoangalia ubora wa elimu ya juu. Diploma nzima ina krediti 60. Kati ya hizo, 45 ni za ngazi ya tatu na ndizo zinazopewa madaraja: Pass, Merit au Distinction, ambalo ndilo la juu. Zipo za uuguzi, za sheria, za ualimu. Ya udaktari ni ya peke yake, imejaa kemia na bayolojia, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anajiandikisha Access ya afya kwa jumla kwa sababu iko karibu na nyumbani, halafu anagundua kuwa vyuo vya tiba anavyovitaka haviitambui.

Kabla ya Access kuna GCSE, mitihani ya huku inayofanana na ya kidato cha nne. Nilikuja na cheti changu cha kidato cha nne, divisheni ya tatu, nikidhani kinatosha. Shirika la UK ENIC hutoa barua ya kulinganisha vyeti vya nje, na kwa kazi nyingine barua hiyo inasaidia. Vyuo vya tiba vingi vinataka uwe na GCSE yenyewe ya Kiingereza na ya hesabu, mara nyingi daraja la 5 au 6 katika mfumo wao wa 9 hadi 1, ambapo 9 ndilo la juu. Habari njema ni kwamba hapa England mtu mzima ambaye hajafikia daraja la 4 katika masomo hayo mawili husomeshwa bure. Nilikaa darasa la jioni na dada wa Kisomali, mzee wa Kipolandi na vijana walioshindwa shule. Hesabu nilizipenda. Kiingereza chao cha kuchambua aya ya hadithi kilinichosha kuliko zamu ya usiku.

Fedha sasa, maana ndiyo wengi mnayoiulizia. Ada ya kozi yangu ilikuwa pauni elfu tatu na ushee. Kuna mkopo wa serikali uitwao Advanced Learner Loan kwa wenye miaka 19 na kuendelea. Hawaangalii kipato chako wala historia yako ya madeni, na hela zinakwenda moja kwa moja chuoni. Ukimaliza Access, ukaenda chuo kikuu na kumaliza digrii huko, deni la Access lililobaki linafutwa. Sijawahi kuona mkopo mwingine wenye huruma hiyo. Ila mkopo huu ni wa wenye makaratasi. Kama uko hapa kwa viza ya kazi au ya mwanafunzi, usijiandikishe mpaka uhakikishe hali yako, kwa sababu swali hilo litakufuata hadi chuo kikuu. Mkaazi wa kudumu analipa ada ya ndani, iliyokuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Anayehesabiwa mgeni anadaiwa makumi ya maelfu kwa mwaka, na nafasi za udaktari kwa wageni ni chache mno. Nimeona ndugu wawili wakimaliza Access kwa alama nzuri na kugonga ukuta hapo hapo.

Kwa Waislamu lipo pia suala la riba, na sitaki kulipita kimya kama wengine wanavyofanya. Mkopo wa Access una riba, na wa chuo kikuu vile vile. Serikali iliwahoji wananchi mwaka 2014 kuhusu mkopo wa masomo usio na riba, sheria ya mwaka 2017 ikaruhusu uanzishwe, na hadi ninapoandika haya hakuna aliyeupata. Niliuliza mashehe, nikapata majibu tofauti. Nimechagua langu na sitalitetea hapa. Ila usifike Septemba ndipo uanze kulifikiria.

Nilisema mambo makubwa hutokea kabla ya darasa. Hebu niwapangie kalenda, kwa maana hapa ndipo kozi inapomtesa mtu. Maombi ya udaktari hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu, na hufungwa tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni, miezi kadhaa kabla ya kozi nyingi nyingine, ambazo husubiri hadi Januari. Access inaanza Septemba. Maana yake, unatuma ombi lako ukiwa umesoma wiki chache tu. Mwalimu anayeandika barua ya kukupendekeza, na kutabiri kwamba utapata Distinction kote, amekuona darasani mara za kuhesabika. Wa kwangu alikuwa mkweli, alinambia: "Nitaandika kutokana na kazi ya kwanza utakayonipa, kwa hiyo kazi hiyo ifanye kama mtihani wa mwisho." Nikaifanya hivyo.

Na bado kuna UCAT, mtihani wa kompyuta unaotakiwa na karibu vyuo vyote vya tiba vya huku. Unafanywa kati ya Julai na Septemba, yaani unaumaliza kabla ya Access kuanza au inapoanza tu. Chuo cha Access hakikufundishi UCAT kwa kuwa bado hujawa mwanafunzi wao. Mimi nilijifundisha kwa maswali ya bure yaliyoko kwenye tovuti ya UCAT wenyewe, usiku wodini wagonjwa wakilala, simu mkononi. Tangu 2025 sehemu ya kutambua maumbo imeondolewa, zimebaki tatu za akili zenye jumla ya alama 2,700, pamoja na ile ya kupima maamuzi na maadili. Sehemu ya hesabu mtu wa kidato cha nne anaiweza. Ya kusoma ndiyo shubiri: maswali 44 kwa dakika 22, aya baada ya aya, na Kiingereza ni lugha yangu ya tatu baada ya Kisambaa na Kiswahili. Dawa niliyoipata ni kuanza na swali kabla ya aya, kisha kuwinda neno. Mwenye kipato kidogo aombe nafuu ya ada ya UCAT. Ipo, na wengi hawaitumii.

Kwa hiyo kama una subira, na nyumba yako inaweza kuvumilia, fikiria kusoma Access kwanza, umalize, kisha uombe Oktoba inayofuata ukiwa na madaraja yako mkononi. Mwaka mmoja unaongezeka, lakini hakuna anayekutabiria chochote. Ningekuwa na miaka ishirini na mitano ningefanya hivyo. Kwangu mimi hesabu ni nyingine: udaktari miaka mitano, mafunzo ya msingi ya daktari mpya miwili, na hata udaktari wa familia, wanaouita GP, ambao ni njia fupi, ni mitatu zaidi. Nitakuwa karibu na hamsini. Mama aliponipigia hesabu hiyo kwa simu kutoka Lushoto alicheka, akasema hata nisiposoma hiyo hamsini nitaifikisha vile vile, Mungu akijaalia.

Masomo yenyewe ni mazuri, na sina budi kusema hivyo baada ya kulalamika. Darasa letu lilikuwa na muuguzi wa zamani, fundi umeme, mama wa watoto watatu, na kijana aliyeacha uhasibu. Walimu walitufundisha kama watu wazima. Kemia ilianzia chini kabisa, hesabu za moli, kisha kwa kasi ikaingia kemia ya kaboni, na waliokosa wiki mbili walihangaika hadi Krismasi. Hakuna mtihani mmoja mkubwa wa mwisho unaobeba kila kitu. Kuna insha, ripoti za maabara, majaribio ya darasani, moja baada ya jingine, na kila kimoja kinahesabiwa. Watu hudhani huo ni unafuu. Vyuo vingi vya tiba vinadai krediti zote 45 ziwe Distinction, au karibu zote, kwa hiyo hakuna kazi ya kuifanya nusunusu halafu uifidie baadaye. Nilipunguza zamu zangu hadi mbili kwa wiki, za wikiendi, na wifi yangu alihamia kwetu kusaidia watoto. Bila wifi, kozi hii nisingeiweza, na sijui anayeisoma peke yake na kazi ya kutwa anafanyaje.

Sasa nyota mbili za uuzaji. Kipeperushi cha chuo nilichokwenda kwanza, ambacho sitakitaja, kiliandika kwamba diploma yao "inakubaliwa na vyuo vikuu". Nikawauliza: vyuo vya tiba vipi? Afisa akanijibu kwa tabasamu kwamba vingi. Nikarudi nyumbani, nikafungua mwongozo wa masharti ya kujiunga unaotolewa na Medical Schools Council, baraza la vyuo vya tiba vya huku, nikapita chuo kimoja kimoja, kisha nikawaandikia maafisa udahili wa vile nilivyovitaka nikiwapa jina kamili la diploma. Wawili walijibu hawaipokei. Mmoja alisema wanapokea Access kutoka vyuo walivyovikagua tu. Mwingine alitaka mwombaji awe amekaa nje ya shule angalau miaka mitatu, sharti ambalo mimi nilikuwa nalo tele. Nilihama chuo kabla ya kulipa. Na hizi Access za mtandaoni zinazotangazwa kila mahali, uliza mara mbili, kwa maana vyuo vya tiba vingine havizitaki kwa kuwa hazina maabara. Mwenye digrii tayari, ya Mlimani au ya kwingineko, naye aulize kwanza kuhusu udaktari wa miaka minne wa wahitimu. Kwenye ule wa kawaida hatapata mkopo wa ada kwa miaka minne ya mwanzo, maana ni digrii ya pili.

UCAS inakuruhusu machaguo manne ya udaktari na la tano la kozi nyingine. Wengine walinikataa bila kuniita. Walioniita walinipitisha kwenye usaili wa vituo: unaingia chumba hiki dakika chache, kengele inalia, unahamia kingine. Kituo kimoja alikuwepo mwigizaji aliyejifanya ndugu wa mgonjwa mwenye hasira. Hapo miaka ya wodini ilinibeba, nimeshatukanwa na ndugu halisi. Kilichonishinda mazoezini ni kujieleza. Sisi tumelelewa kuwa anayejisifu hana adabu, mtu akikuuliza uwezo wako unasema "kidogo kidogo tu, tunajaribu". Huko, ukisema unajaribu, wanaandika kwamba hujui. Mwalimu wangu alinilazimisha kuanza sentensi na "nilifanya" badala ya "tulifanya", na kuelezea mgonjwa niliyemsaidia, nilichokiona, nilichokibadilisha. Na usiogope swali la umri. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mwombaji kwa umri, na kwenye usaili hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi.

Wanaonisoma mkiwa nyumbani Tanzania, msiuze shamba kwa ajili ya hii. Njia ya mtu mzima huko ipo na ni tofauti: mdogo wangu alisoma stashahada ya utabibu miaka mitatu, akafanya kazi kituo cha afya, na sasa anajiandaa kuomba shahada ya udaktari kwa kutumia stashahada hiyo. Miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Yeye atakuwa ameshawatibu watu kabla mimi sijagusa stetoskopu ya kwangu, na hachoki kunikumbusha.

Ukienda kuonana na chuo cha Access, waulize mambo haya kabla ya kutoa jina lako: mwaka jana wanafunzi wangapi waliomba udaktari na wangapi walipata, na katika vyuo vipi, barua ya UCAS inaandikwa na nani na lini, maabara ni saa ngapi kwa wiki, na kama kuna mfuko wa kusaidia nauli na malezi ya watoto. Chuo kizuri kinajibu papo hapo. Cha kwangu cha sasa kilinionyesha orodha.

Mimi nimebakiza fiziolojia na jaribio la mwisho la kemia. Barua yangu inadai Distinction zote 45, matokeo yanatoka Julai, kwa hiyo nyota ya tano tutaizungumza wakati huo.