Mastodon kwa mgeni: uzoefu wangu na picha za ndege

Napiga picha za ndege hapa Morogoro, kwa kupenda tu, si kazi. Mtandao niliouzoea ulifika mahali ukawa matangazo matupu na video za watu nisiowajua, ndipo rafiki yangu akanishauri nijaribu Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja. Ilianzishwa na Mjerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016, ila wengi waliisikia mwishoni mwa 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter na watu wakaanza kutafuta pa kuhamia.

Kinachomkwaza mgeni ni pale mlangoni. Kabla hujajaza chochote unatakiwa uchague seva, yaani kompyuta itakayotunza akaunti yako, nazo ziko nyingi, kila moja ina mwenyewe na sheria zake. Usitishike. Chukulia laini za simu: wa Voda anampigia wa Airtel bila shida. Ukiwa seva hii unamfuata mtu wa seva ile, mnajibizana kama kawaida. Asiyetaka kuumiza kichwa aende mastodon.social, ndiyo kubwa kuliko zote. Mimi nilichagua seva ndogo ya wapenda mazingira, ambako unaeleza kwanza kwa nini unataka kujiunga na msimamizi anasoma mwenyewe. Nikaandika habari za ndege, kesho yake nikakubaliwa. Ukiichoka seva yako unahama, na wanaokufuata wanahama na wewe. Posti zako za zamani ndizo zinazobaki kule.

Ukishaingia unakuta kweupe. Hakuna mtambo unaokuchagulia cha kutazama, kwa hiyo usipomfuata mtu ukurasa wako wa mwanzo unabaki mtupu. Naamini wengi wanakatia tamaa hapa. Dawa ni hashtegi: Mastodon inakuruhusu kuifuata hashtegi yenyewe kama unavyomfuata mtu. Nilifuata #birds na #BirdPhotography, nikaanza kupata ndege wa kila pembe ya dunia, kwa mpangilio wa muda, ya karibuni juu. Ila ujue seva ndogo haikusanyi posti zote za dunia, kwa hiyo hashtegi hiyo hiyo kwenye seva kubwa inaleta vingi zaidi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kitu ambacho kwingine nilikuwa nakipita bila kukiangalia: maelezo ya picha. Ukipakia picha kuna sehemu ya kueleza kilichomo, kwa ajili ya wasioona, maana simu zao zinawasomea kwa sauti. Kwingine kipo pia ila ni wachache wanaokijaza. Huku ni adabu. Wapo watu hawasambazi kabisa picha isiyo na maelezo. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, kwenye ua la mgomba, nikaandika kwa Kiswahili: “Chozi dume, kichwa cha kijani kinachong’aa, amening’inia miguu juu kwenye ua la mgomba la zambarau, mdomo umezama ndani.” Kuandika hivyo kulinifanya niitazame upya picha yangu mwenyewe, nikaona kucha zilivyoshika petali. Mama mmoja wa Uholanzi akaniuliza kama chozi hao hutoboa ua pembeni kuiba asali. Tuliongea mpaka bando likakata.

Kuhusu bando, natumia programu ya Tusky kwenye Android. Kwenye mipangilio yake unaweza kuzima picha zisijifungue zenyewe, ukafungua unayoitaka tu.

Waswahili ni wachache. Ukiposti unaweza kuchagua lugha, na Kiswahili kimo, lakini mara nyingi anayejibu anajibu Kiingereza. Anayetafuta umbea wa mjini, mpira au wateja wa mitumba, asijisumbue. Huwezi hata kulipia posti isukumwe. Ile nyota unayobonyeza kwenye posti ni asante tu kwa mwenyewe. Ukitaka wanaokufuata waione, bonyeza kusambaza. Herufi ni 500 kwa kawaida, zinatosha kusimulia kitu kikaeleweka.

Moja la kuangalia sana ni ujumbe wa faragha. Haujafungwa kwa siri kama wa WhatsApp, msimamizi wa seva akitaka anaweza kuusoma. Halafu ukimtaja mtu wa tatu humo kwa alama ya @, naye anaupokea! Kwa hiyo kama mnamsengenya mtu, andikeni jina lake bila @, au bora mpigiane.

Huduma ni bure, hakuna tangazo hata moja. Seva yangu inaendeshwa kwa michango ya watumiaji, na msimamizi huweka wazi mapato na gharama. Mimi bado sijatoa kitu, maana wanapokea kadi tu, na yangu ya benki haijafunguliwa malipo ya mtandaoni. Ijumaa nikienda mjini nitapita dirishani niwaombe waifungue.