Viola Davis: muvi au tamthilia?

Kwenye muvi mama huyu, mwigizaji wa Marekani, hahitaji muda, cheki Doubt (2008), yuko na Meryl Streep nje kwenye baridi, machozi na makamasi yanamtiririka, dakika chache tu na akapewa nomineshen ya Oscar, tuzo yenyewe kaja kuibeba 2017 kwa Fences.

Ila mi nasimama na tivii bana. How to Get Away with Murder ilienda sizoni 6, 2014 hadi 2020, na 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kubeba Emmy (tuzo kubwa ya tivii Marekani) ya mwigizaji mkuu wa kike wa drama. Ile sini anakaa mbele ya kioo anavua wigi, anabandua kope, anafuta mekapu yote, duh! Japo sizoni za mwisho stori ilivurugika kinoma.