Tiba ya sumaku ya kichwa (TMS), uzoefu wangu, na ile biashara ya mboni

Wadau naona wengi mwauliza kuhusu hii TMS ya depresheni, mie nshaipitia kwa kliniki moja hapa Mombasa, jina silitaji. Tiba yenyewe naipa nyota nne, ila ile video ya mboni ya jicho wanayokuuzia pembeni, eti yaonyesha neva zaamka, usitoe hata shilingi.

Hakuna sindano wala kulazwa. Kitu kiko tangu 1985 huko Sheffield, Uingereza, na Marekani walikipitisha kwa depresheni 2008. Watoa vipuli na pini za mtandio, watia vizibo masikioni, wawekewa kichwani koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa sumaku, alafu nesi akupiga mpigo mmoja mmoja wa sumaku kutafuta nguvu inayokufaa huku macho yako kwa mkono wako, mara kidole gumba kikaruka chenyewe, wallahi nilicheka. Baada ya hapo ndio kazi, mlio kama kigogota juu ya bati, sekunde 4 kelele 26 kimya, hivo hivo dakika 37, na jicho la kushoto lapepesa lenyewe. Siku ya kwanza nilienda sijala, jasho jembamba likanitoka presha ikashuka, nesi akanilaza miguu juu. Kuna wanaozirai kabisa, kwa hivo kuleni jamani. Na mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha moyo aseme mapema.

Sasa mboni. Kamera yapiga jicho, waonyeshwa kwa tableti, na kweli mashine ikigonga mboni yapanuka. Dada wa pale akanambia, "Umeona mamangu, neva zaamka hizo!" Nkamuuliza, na nikipiga kofi je? Kimya. Manake mboni yaongozwa na neva zisizongoja ruhusa yako, ndugu za zile za moyo na jasho, kuna zinazopanua na zinazobana, na mlio wowote wa ghafla utaipanua tu. Ndio watafiti hutumia pia koili ya bandia, yalia vilevile lakini sumaku haifiki ubongoni, wakilinganisha ndio wajue lipi la sumaku lipi la kelele. Pale kliniki hawana hiyo koili ya bandia, alafu pazia lilikua lapepea jua laingia latoka, na mwanga peke yake wabadilisha mboni!

Usingizi umerudi kiasi, dawa bado nameza. Hiyo video waliiandika kando kwa bili, nkawaambia waitoe, wakaitoa bila maneno.