Meli ya usiku Mwanza–Bukoba: kulala au kukaa?

MV New Victoria (zamani MV Victoria) huondoka Mwanza usiku, ikagusa Kemondo, asubuhi uko Bukoba. Uzuri wake ni kwamba nauli na malazi ni tiketi moja. Hela ya gesti inabaki mfukoni. Daraja la tatu ndilo nafuu, ila ni kukaa mpaka kunakucha. Thamani halisi iko daraja la pili, na hapo dirishani taja neno "kulala", maana lipo pia la kukaa. Nenda na kitambulisho.

Sweta na kitenge viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo mkubwa: upepo wa ziwa hauna huruma. Dagaa wa kukaanga? Ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa nailoni huvujisha mafuta.