Cosco Scenera Next: kiti cha mtoto cha bei ya chini ndani ya Noah, Fielder na Vitz

Huko Marekani Scenera Next huuzwa Walmart, nacho ni miongoni mwa viti vya gari vya watoto vya bei ya chini kuliko vyote. Ndiyo sababu kinafika sana kwetu: ndugu aliyeko Minneapolis au Houston anakinunua, anakibeba kwenye ndege kwa kuwa ni chepesi, na mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anakifungua sebuleni akiwa na furaha. Kazi huanzia pale kinapoingia kwenye gari. Kiti hiki kimetengenezwa kwa kufuata magari na mikanda ya Marekani, nasi tunaendesha magari yaliyoundwa kwa soko la Japani. Mara nyingi vinaafikiana vizuri. Visipoafikiana, hakuna nguvu ya mikono itakayosaidia.

Kwanza vipimo vyake. Kwa kutazama nyuma kinabeba mtoto wa kilo 2.3 hadi 18, urefu wa sentimita 48 hadi 102. Kwa kutazama mbele ni kilo 10 hadi 18, sentimita 74 hadi 109. Ona kwamba kikomo cha juu cha uzito ni kilekile pande zote mbili. Hakuna faida kubwa ya kumgeuza mtoto mapema, na mtoto wa mwaka mmoja hana sababu ya kutazama mbele eti kwa kuwa miguu yake inagusa kiti cha gari. Aikunje tu. Kichwa cha mtoto ni kizito kulinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo bado haijakomaa; gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, tangu 2018, kinashauri mtoto atazame nyuma mpaka afikie kikomo cha kiti chenyewe, si mpaka afike umri fulani. Kwa Scenera Next, kikomo kingine cha kuangalia ni utosi: ukibakiza chini ya sentimita 2.5 kufika ukingo wa juu wa ganda, yaani plastiki ngumu ya kiti, kutazama nyuma kumekwisha hata kama kilo bado.

Sasa mkanda wa gari, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kiti hiki hakina kibanio chake cha kuukaza mkanda. Kinategemea mkanda ujifunge wenyewe. Kabla ya kukiweka, nenda kwenye kila nafasi ya nyuma, vuta mkanda wa bega taratibu mpaka mwisho kabisa, kisha uachie urudi kidogo. Ukisikia unalia kwa kukatakata na ukijaribu kuuvuta tena haukubali kutoka, huo unafaa. Ukitoka na kurudi bila kizuizi, mkanda huo hukamata tu gari linapofunga breki kwa nguvu. Kwa mtu mzima ni salama, kwa kiti hiki hautoshi, kwa sababu kitakuwa kinachezacheza safari nzima. Katika gari moja upande wa kushoto unaweza kuwa na aina moja na wa kulia nyingine, kwa hiyo jaribu yote.

Magari mengi ya Kijapani ya zamani kidogo, Fielder, Vitz na Probox zikiwemo, nafasi ya katikati ina mkanda wa kiuno peke yake. Viti vingi vya Ulaya havikubali mkanda huo. Scenera Next inakubali, mradi ukikazwa usilegee, na ganda lake jembamba huingia katikati bila kuwasonga sana waliokaa pembeni. Kwa familia yenye watoto watatu kwenye siti moja ya nyuma, hili ndilo tungeliweka mbele kuliko sifa nyingine yoyote ya kiti hiki.

Gari likiwa na vyuma vya ISOFIX, yaani vile vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, ndoano za kiti hiki zinashika bila tatizo; nafasi ya vyuma ni ileile ya Marekani. Vitafute kwa vidole kwenye mfereji kati ya kalio la siti na mgongo wake. Ila tumia ndoano au mkanda wa gari, si vyote viwili kwa pamoja. Usichukue chuma cha ndani cha kushoto na cha ndani cha kulia ukakiweka kiti katikati, umbali haulingani. Na mtoto akishageuzwa kutazama mbele, mkanda wa juu wa nyuma ya kiti ufungwe kwenye nanga yake, yaani sehemu ya gari ya kuunasia, ikiwa gari linayo. Huo ndio unaozuia kichwa kurushwa mbele mpaka kugonga kiti cha dereva.

Gari lisilo na vyuma wala mkanda unaojifunga? Kuna kibanio kidogo cha chuma chenye umbo la herufi H, kinachobana mkanda wa bega na wa kiuno pamoja, karibu kabisa na ulimi wa mkanda, yaani kipande kinachoingia kwenye kifungio, umbali usiozidi sentimita 2.5. Kinafanya kazi kikiwekwa hivyo, lakini ni rahisi kukikosea, na lazima kitolewe mtu mzima anapotaka kutumia mkanda huo. Kwa gari la namna hiyo sisi tungekiacha Scenera Next na kutafuta kiti cha Ulaya chenye kibanio chake kwenye ganda, na chenye lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E, alama ya kuidhinishwa kule.

Ufungaji wa kutazama nyuma uko hivi. Egesha gari mahali tambarare. Weka kiti, halafu tazama mstari uliochorwa kwenye lebo ya ubavuni: unapaswa kulala sambamba na ardhi. Siti za Kijapani nyingi zimeinamia nyuma, kwa hiyo kiti kitasimama mno na kichwa cha mtoto mchanga kitaangukia kifuani, jambo linaloweza kuziba pumzi. Scenera Next haina miguu ya kurekebisha mlalo. Viringisha taulo ngumu, liingize kwenye pembe pale siti na mgongo wake vinapokutana, chini ya kiti cha mtoto, mpaka mstari ukae sawa. Pitisha mkanda kwenye njia ya kutazama nyuma, karibu na miguu ya mtoto, chini ya kitambaa, unyooke, usijisokote. Funga. Uvute wote utoke, kisha uanze kuurudisha huku mkono mmoja ukikandamiza kiti chini kwa uzito wako. Lisha mkanda kidogokidogo. Ukiuvuta kwa nguvu kutoka begani, upande mmoja wa kiti huinuka, nacho kitazidi kupinda kadiri siku zinavyokwenda.

Kisha shika kiti pale mkanda unapopita, mkono mmoja, kitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Ukikitikisa kwa juu kitacheza, na wazazi wengi huogopa hapo, si kasoro. Pima penye mkanda. Kifungio cha gari kikiangukia ndani ya tundu la njia ya mkanda na kupindwa na plastiki, kiti hakitakaza kamwe: hamia nafasi nyingine.

Nafasi ya mbele ni suala katika Vitz na Passo. Kiti kikilala inavyotakiwa, abiria wa mbele atasogea karibu na dashibodi. Noah ina nafuu kubwa, siti za kati zinateleza. Lakini kwa gari lolote lile, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko unapolipuka hupiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto.

Mikanda ya mtoto ndiyo sehemu inayokera. Kuipandisha kunataka kukigeuza kiti, kuichomoa kwenye bamba la chuma nyuma, kuipitisha kwenye tundu jipya, ganda na kitambaa vyote, na kuirudisha. Ukishamaliza chungulia nyuma: pande zote mbili ziwe kwenye urefu mmoja na zimekaa kwenye bamba vizuri. Akitazama nyuma, mikanda itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akitazama mbele, usawa wa mabega au juu yake. Kichanga mdogo, mara nyingi mabega yake hayalifikii tundu la chini kabisa, hivyo hatukipendekezi kwa safari ya kumtoa mtoto hospitali. Kwa hilo tafuta kiti cha kubebea cha watoto wachanga.

Kaza, kisha jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili penye mtulinga. Ukifanya mkunjo, bado umelegea. Klipu ya kifua ikae usawa wa makwapa. Kwa wanaoishi Limuru, Njombe au Arusha wakati wa baridi: koti nene livuliwe kabla ya kufunga, kwa sababu linabonyea wakati wa ajali na kuacha nafasi ambayo mtoto anachomoka nayo. Mfunge kwanza, mfunike baadaye. Vivyo hivyo kanga iliyokunjwa na kuwekwa nyuma ya mgongo au chini ya makalio ili akae laini. Sponji ya kiti hiki kweli ni nyembamba, lakini hiyo si dawa yake. Kanga ina kazi nyingine nzuri: gari likikaa juani, itandaze juu ya kiti, maana chuma cha kifungio huunguza ngozi.

Kwenye ndege kinaruhusiwa. Lebo yenye maandishi mekundu inasema hivyo, ionyeshe ukiulizwa. Ila ukishukia Uingereza na kukodi gari, hakitambuliwi kisheria kule, kwa kuwa hakina lebo ya E.

Kuhusu kununua kilichotumika: kiti kisichojulikana historia yake tunakataa. Ganda lililopita kwenye ajali linaweza kuwa na ufa usioonekana, na lebo iliyobanduliwa ina maana hujui tarehe ya kutengenezwa wala kama modeli hiyo ilirudishwa kiwandani. Kipya kisajili kwa namba ya modeli iliyo kwenye lebo ili upate taarifa. Na vile vikalio vya kitambaa vyenye mikanda, vinavyouzwa mitandaoni kama kiti cha mtoto, havina ganda. Tofauti yake na Scenera Next haiko kwenye bei wala starehe, havizuii kitu.

Tungekichagua kwa mtoto wa miezi michache hadi karibu miaka mitatu au minne, kwenye gari lenye mkanda unaojifunga, wa kiuno wa katikati, au vyuma vya ISOFIX. Mtoto mrefu atakimaliza mapema. Kitambaa kinaingia kwenye mashine ya kufulia. Mikanda isiloweshwe wala kutiwa sabuni kali, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, uiache ikauke kivulini.